Fundi Nijibu: Matangazo Yamevamia Kompyuta, Yanatokea Wapi?

Jamani, barua za safari hii karibu zote ni kilio kimoja, matangazo. Mtu anawasha kompyuta afanye kazi yake anakutana na kamari, dawa za kupunguza tumbo, "hongera umeshinda simu", na antivairasi ambayo hajawahi kuinunua inamwambia muda wake umeisha. Nimechukua maswali machache yanayobeba na mengine. Nitarudia sana kitu kimoja humu ndani mtanisamehe: kabla hujainstoli chochote cha kusafisha, jua kwanza hilo tangazo linatokea wapi. Kuna la tovuti, kuna la ekstensheni (vile viprogramu vya ziada vinavyopachikwa kwenye brauza), kuna la programu iliyojikalia humo ndani na kuna la Windows yenyewe, kila moja lina dawa yake. Wengi mnaniandikia mmesafisha na kusafisha halitoki, ni kwa sababu mnafagia sebuleni na panya yuko jikoni.

Swali: Fundi habari za kazi. Kwenye laptopu yangu kila baada ya muda kinachomoza kimeseji kule chini kulia, mara kompyuta yako ina virusi 5, mara malipo ya antivairasi yamekataliwa, mara picha za wadada ambao siwajui. Nimeskani na Defender, ile antivairasi ya Windows yenyewe, nikaskani na nyingine, zote zinasema hakuna kitu. Hata Chrome nikiifunga bado vinakuja. Sasa naogopa hata kuifungua mbele za watu. – Mwenye Aibu

Jibu: Nzuri ndugu yangu, na hiyo aibu iweke pembeni maana mko wengi. Antivairasi zako hazijakudanganya, kweli hakuna kitu. Hivyo vimeseji ni arifa za tovuti na ruhusa uliitoa mwenyewe. Vuta kumbukumbu, kuna siku ulikuwa unatafuta muvi au mechi ya bure ikatokea kurasa inakwambia bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti, au bonyeza Allow video ianze. Ndo hapo. Kile kitufe hakina uhusiano wowote na roboti wala video, ni brauza inakuuliza je unakubali hii tovuti iwe inakutumia arifa, na we ukakubali, basi wanakurushia matangazo yao hata ukiwa hauko kwenye tovuti yao. Na kwa kuwa Chrome kwenye Windows inaweza kubaki inafanya kazi kimyakimya hata madirisha yote yakiwa yamefungwa, unaona kama yanatoka hewani.

Kingine kitakachojitokeza usikibonyeze katikati, kisome. Kuna maandishi madogo yanataja jina la brauza na anwani ya tovuti iliyokituma, huyo ndo mtu wako. Nenda Settings ya Chrome, ingia Privacy and security, halafu Site settings, halafu Notifications, utakuta orodha ya tovuti ulizoziruhusu na nina uhakika utashangaa zilivyo nyingi, futa zote usizozijua. Ukiwa hapohapo chagua tovuti zisiruhusiwe hata kuuliza. Mimi sijaona hasara ya kuzima hiki kitu moja kwa moja, labda kama unatumia barua pepe au chati ndani ya brauza, hizo ziache. Edge njia inafanana sana, Firefox iko kwenye Privacy & Security sehemu ya Permissions. Kama una brauza zaidi ya moja angalia zote.

Na ile ya "virusi 5" usiifuate hata kidogo, wanakupeleka ukanunue antivairasi ili wao wapate kamisheni, au mbaya zaidi ukadanlodi virusi wa kweli.

Swali: Shikamoo fundi. Brauza yangu imebadilika ukurasa wa mwanzo, nikitafuta kitu Google inaruka inaenda kwenye saiti nyingine ya kutafutia ambayo majibu yake ni matangazo matupu. Nimerudisha Google kwenye setingi, nikizima na kuwasha kompyuta inajirudia. Kuna ekstensheni siijui na haina kitufe cha kuifuta. Na kwenye menyu ya Chrome chini kabisa kumeandikwa eti inasimamiwa na shirika langu, mimi sina shirika fundi, hii laptopu ni ya kwangu mwenyewe. – Mwanafunzi

Jibu: Marahaba. Hili ndo swali la leo kwa hiyo tulia nalo.

Hayo maneno ya shirika yanatokea pale Chrome inapokuta imewekewa sera, yaani amri za juu ambazo kwa kawaida maofisi huziweka kwenye kompyuta za wafanyakazi ili mtu asibadilishe setingi. Watengeneza programu za matangazo wakaona huo ni mlango mzuri, wakawa wanajiandika humo kama vile wao ni bosi wako, ndo maana ekstensheni haina kitufe cha kufuta na ukurasa wa mwanzo unajirudia. Ila usihukumu haraka, zipo programu halali, antivairasi kwa mfano, nazo huweka sera zao. Andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani uone. Ukikuta jina ExtensionInstallForcelist na mbele yake mlolongo wa herufi 32 zisizosomeka, hiyo ni namba ya ekstensheni iliyolazimishwa, linganisha na ile uliyoikuta kwenye chrome://extensions ukiwasha Developer mode. Zikifanana umeshampata.

Sasa watu wengi wanakosea mpangilio. Wanaanza na brauza, wanarudisha setingi, wanafurahi, wakiwasha kesho yake programu iliyoko kwenye Windows inaandika yale yale upya. Anza na Windows. Fungua Settings, Apps, halafu Installed apps (Windows 10 inaitwa Apps & features), panga kwa tarehe ya kuinstoliwa, uangalie zilizoingia siku ile matatizo yalipoanza. Mara nyingi hazikuingia peke yake, utakuta tatu nne za siku moja, majina yanasikika ya maana kabisa, msaidizi wa kununua, kiongeza kasi, kibadilisha faili. Ondoa zote za kundi hilo. Nyingine wakati wa kuondoka zinakuletea kidirisha una uhakika, bonyeza hapa kubaki, na kitufe cha kubaki ndo kikubwa chenye rangi, soma vizuri usiharakishe. Ikigoma kabisa kuondoka shika Shift ubonyeze Restart, uingie Safe Mode, hukohuko uiondoe maana humo vitu vingi vinakuwa havijawaka.

Baada ya hapo danlodi AdwCleaner, chombo cha kufagia programu za matangazo. Ni ya bure, haihitaji kuinstoliwa, ilianza kama kazi ya mtu mmoja Mfaransa na tangu 2016 iko chini ya kampuni ya Malwarebytes, kwa hiyo ichukue kwenye tovuti ya Malwarebytes yenyewe na si kwingine. Skani, soma ilichokikuta kabla ya kukubali, safisha, iache iwashe kompyuta upya. Pia Defender ina skani ya nje ya Windows, inaitwa Offline scan, inafanya kazi kabla Windows haijawaka hivyo anayejificha anakuwa amelala. Zile programu zenyewe za "kusafisha" zinazojitangaza kwenye kurasa za jinsi ya kuondoa adui fulani, achana nazo. Kurasa nyingi za namna hiyo zinaandika hatua nusu halafu zinakwambia danlodi chombo chetu, unaskani bure, kuondoa unalipia.

Kama sera bado ipo baada ya hayo yote basi imebaki kwenye rejista, yaani daftari la ndani ambamo Windows inatunza setingi zake. Andika regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Policies, Google, ukikuta folda ya Chrome fanya Export kwanza uhifadhi nakala, kisha ifute, halafu angalia njia hiyo hiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Kwa kompyuta ya kazini usithubutu, ila umesema ni yako. Kama hujawahi kugusa rejista mwombe anayejua akae pembeni yako, ukifuta folda ya jirani utaniandikia barua nyingine.

Halafu ndo unamalizia na brauza, Settings, Reset settings. Alamisho na nywila zinabaki, ekstensheni zinazimwa na kuki, yaani kumbukumbu ambazo tovuti huziacha kwenye brauza, zinafutwa kwa hiyo utaingia upya kwenye akaunti zako. Ukirudisha ekstensheni rudisha moja moja.

Na kuna vitu viwili watu huvisahau. Cha kwanza ile ikoni ya brauza kwenye desktopu, ibonyeze kulia, Properties, angalia sehemu ya Target, inatakiwa iishie chrome.exe na alama ya kufungia, ukikuta mbele yake kuna anwani ya tovuti imebandikwa ifute, hiyo ndo inafungua ule ukurasa kila ukiwasha. Cha pili ni usawazishaji wa akaunti. Kama Chrome yako imeunganishwa na akaunti ya Google na una kompyuta nyingine yenye ekstensheni hiyo hiyo, unaifuta huku inarudi kutoka kule, watu wanasema virusi ni sugu kumbe ni wao wenyewe wanairudisha. Safisha zote mbili. Task Scheduler, ile ratiba ya Windows ya kazi za kujiendesha zenyewe, nayo ichungulie, ukikuta kazi yenye jina la ajabu inayofungua tovuti kila baada ya muda fulani, izime.

Ukishakuwa safi badilisha nywila za barua pepe na benki. Ekstensheni yenye ruhusa ya kusoma kila tovuti ilikuwa inaona unachoandika, kama ilikuwa inakichukua au la huwezi kujua, badilisha tu.

Swali: Kaka, mimi swali langu fupi. Sijawahi kuingia saiti za ajabu, nilidanlodi tu programu ya bure ya kubadilisha PDF. Sasa haya matakataka yameingiaje? – Mtu Safi

Jibu: Yameingia na hiyo PDF kaka. Kuna biashara inaitwa malipo kwa kila instolesheni, mwenye programu ya matangazo anamlipa mwenye programu ya bure, au mwenye tovuti ya kudanlodia, kwa kila kompyuta itakayoingizwa mzigo. Kwa hiyo kifurushi kinakuja kimefungwa pamoja, na kwenye kuinstoli unapewa njia ya haraka iliyopendekezwa, na njia ya Custom au Advanced iliyofifishwa kama haibonyezeki. Inabonyezeka. Chagua hiyo, ndo utaona viboksi vilivyowekewa tiki tayari, toa tiki. Nyingine zinakuletea ukurasa mzima wa masharti wenye Accept na Decline ukadhani ni masharti ya ile PDF, kumbe ni ya mzigo mwingine kabisa, hapo Decline haizuii programu yako kuingia.

Na usidhani ni vitovuti vya uchochoroni tu. SourceForge, ambayo ilikuwa nyumba ya programu huria duniani, mwaka 2013 ilianzisha mpango wa kufungasha matangazo kwenye instola, watu wa GIMP, ile programu ya kuhariri picha, wakaondoka mwaka huohuo, na mpango ukafutwa 2016 baada ya kampuni kununuliwa na wengine. Hata kompyuta mpya kutoka kiwandani si kigezo, Lenovo waliuza laptopu za 2014 zikiwa na Superfish ndani yake, inachomeka matangazo kwenye kurasa, na ili iweze kuingia hadi kwenye kurasa zenye kufuli iliweka cheti chake cha usalama, ufunguo mmoja kwa mashine zote. Februari 2015 wataalamu wakalianika, na ufunguo ukapatikana, maana yake yeyote angeweza kujifanya benki yako na brauza ikakubali. Hilo ndo linalonikera nikisikia mtu anasema ah, ni matangazo tu.

Kwa hiyo programu ichukue kwa mtengenezaji mwenyewe, na ukiitafuta Google usibonyeze majibu ya juu yenye alama ya Sponsored, wahuni hulipia nafasi hiyo wakaweka tovuti inayofanana na ile ya kweli. Desemba 2022 hata FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu mchezo huu na ikashauri watu watumie kizuia matangazo. Kwenye kurasa za kudanlodia ukikuta vitufe vitatu vikubwa vya kijani vya Download, cha kweli mara nyingi ni kile kilinki kidogo kisicho na mbwembwe, weka mshale juu yake bila kubonyeza usome anwani inayotokea chini.

Kreki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, na viamsha Windows sitavijadili. Vinakutaka uzime antivairasi kwanza, we mwenyewe unaona.

Swali: Fundi, nina ekstensheni nimeitumia miaka na haikuwahi kunisumbua, ghafla mwezi huu kila nikibonyeza linki inafunguka tabu nyingine ya brauza yenye tangazo. Inawezekana kitu kizuri kikaharibika chenyewe? – Mtumiaji wa Siku Nyingi

Jibu: Chenyewe hapana, kimeuzwa. Mtu ametengeneza ekstensheni kwa mapenzi yake, imepata watumiaji wengi, anachoka, anakuja mnunuzi na pesa, anauza. Apdeti inayofuata inatoka kwa bosi mpya na brauza inaipokea kimyakimya kwa sababu ruhusa ulishatoa zamani. Mfano maarufu ni The Great Suspender, ya kulaza tabu zisizotumika, iliuzwa 2020 na Februari 2021 Google wakaiondoa kwa kuwa na vitu vibaya ndani.

Zima zote, washa moja moja uone tangazo linarudi na ipi, halafu hiyo ifute. Zilizobaki angalia ruhusa zake, kama inaweza kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote na kazi yake ni kukuonyesha hali ya hewa, inataka nini kwenye ukurasa wa benki? Chrome inakuruhusu kubadilisha iwe inafanya kazi pale tu unapoibonyeza.

Swali: Nina Mac, nimeambiwa Mac haishiki virusi, mbona naombwa niapdeti Flash Player kila saa? – Wa Mac

Jibu: Aliyekuambia alikufurahisha. Flash, ile ya kuchezesha video na michezo kwenye brauza, ilikufa tarehe 31 Desemba 2020, Adobe wenyewe waliizika, kwa hiyo kila dirisha linalokuomba kuiapdeti ni la uongo bila ubishi. Kirusi kiitwacho Shlayer kimeingia kwenye Mac nyingi sana kwa mlango huohuo, na kazi yake ni kuleta programu za matangazo. Angalia Applications ufute usizozijua, angalia ekstensheni za Safari, halafu kwenye System Settings tafuta Profiles, Mac ya binafsi kwa kawaida haina kitu humo, ukikuta wasifu uliofunga ukurasa wako wa mwanzo utoe. Mwisho chungulia folda ya LaunchAgents ndani ya Library, ndo wanakojificha wa kujiwasha wenyewe. Malwarebytes ya Mac ipo pia.

Swali: Skrini nzima ilijaa maandishi mekundu, king'ora, sauti inasema nisizime kompyuta nipige namba ya Microsoft. Mshale haukwenda popote. Nilichomoa umeme. Nimeharibu? – Mama wa Nyumba

Jibu: Hujaharibu kitu mama, na heri umechomoa kuliko ungepiga. Ule ni ukurasa wa tovuti tu uliofunguliwa ukajaa skrini, Microsoft hawaweki namba ya simu kwenye onyo la kompyuta. Siku nyingine kandamiza Esc kwa sekunde kadhaa, au F11, ikigoma Alt na F4, ikigoma kabisa Ctrl Shift Esc uifunge brauza kwa nguvu. Ukiiwasha ikikuuliza irudishe tabu zilizokuwepo kataa.

Kwa wengine wanaosoma hapa ambao walishapiga na wakamruhusu mtu aingie kwenye mashine kwa programu ya mbali, hapo ni jambo jingine. Kata intaneti, piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, na hiyo kompyuta ni ya kufomati.

Swali: Nimefomati nimeweka Windows 11 mpya lakini kwenye Start na skrini ya kufungia bado naona mapendekezo ya kununua vitu. – Nimekoma

Jibu: Hayo ni ya Microsoft mwenyewe, umefomati bure. Settings, Personalization, Start, zima mapendekezo, skrini ya kufungia toa Windows Spotlight weka picha yako, halafu Privacy & security sehemu ya General (matoleo mapya inaitwa Recommendations & offers) zima yote. Ukiwa humo humo kwenye setingi fungua Windows Security, App & browser control, Reputation-based protection, hakikisha kuzuia programu zisizotakiwa kumewashwa, viboksi vyote viwili. Microsoft walianza kuiwasha wenyewe 2021 ila nakutana na mashine nyingi bado imezimwa.

Swali: Kizuia matangazo kipi kizuri? – Haraka

Jibu: uBlock Origin, ya bure. Andika jina kamili na Origin yake maana kuna nyingine inaitwa uBlock tu ambayo ni ya watu tofauti. Kwenye Firefox ipo nzima, kwenye Chrome Google wamebadilisha kanuni za ekstensheni kwa hiyo imebaki uBlock Origin Lite, nguvu imepungua kidogo lakini inasaidia. Ila kama tayari una mdudu ndani kizuia hakimtoi, anza na jibu la yule mwanafunzi hapo juu.